Jaketi la Kurukia

Jumatatu, 4 Machi
Binti kapita dukani kwangu mchana, kabla ya zamu yake hospitalini. Plasta imetolewa. Akawa anaukunja mkono na kuukunjua mbele yangu kama anayeuza kitu. Kisha akasema alichokuja kusema: anarudi kuruka na mwavuli, ule wa kupaa kutoka mlimani.

Nilikuwa nashona suruali, nikaendelea kushona. Mshono ukaenda upande — nikaufumua.

Miezi minne tu tangu aanguke! Siku ile wingu lilimvuta juu, akakaa humo dakika ishirini, kalowa chapachapa, vidole vikafa ganzi. Hakuzihisi tena kamba za breki. Akaangukia shamba la watu. Mwalimu wake aliniambia kando: angekufa kwa baridi kabla hata ya kuanguka. Mama yake anajua habari ya mkono tu.

Nikamuuliza anafuata nini huko. Akasema wodini anasikia kengele siku nzima, kule juu anasikia upepo basi.

"Nisaidie kuchagua jaketi, Baba. Wewe unajua nguo."

Ujanja huo kaurithi kwa nani? Kwangu, nadhani.

Jumatano, 6 Machi
Mke wangu kaambiwa kuwa binti anarudi kuruka. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Kasema nikimchagulia jaketi, nimempa ruhusa. Akatoka kuanua nguo ambazo bado zilikuwa mbichi.

Ana haki. Lakini binti ana miaka ishirini na tisa. Ataenda tu. Kilichobaki ni aende amevaa nini.

Jumamosi, 9 Machi
Duka la nguo za michezo, na binti. Muuzaji, mama mmoja mwenye miwani shingoni, kalisifia jaketi la manyoya ya bata. Jepesi, unalikunja likawa kama mkate. Binti kasimama mbele ya kioo, kapendeza. Lakini huko juu nani anasimama? Nikamwambia aketi, aegemee, anyanyue mikono kama kashika kamba. Mikono ya jaketi ikapanda karibu na viwiko, kiuno kikabaki nje!

La pili limejazwa nyuzi za kiwandani. Zito kidogo, na rangi yake ya chungwa — Mungu anisamehe. Lakini mikono mirefu, nyuma limeshuka, zipu inafunguka hata kwa chini ili mikanda ya kiti ipite. Kofia yake inafunika helmeti.

Nikauliza, yakilowa je? Muuzaji kasema yote hayalowi kirahisi. Kirahisi! Nikanunua yote mawili.

Jumapili, 10 Machi
Rafiki yangu wa bucha kanifungulia chumba chake cha baridi. Nimeloweka majaketi kwenye ndoo, nikayakamua, nikakaa kwenye kreti katikati ya nyama kama mgeni rasmi.

Nikaanza kwa kuvaa la manyoya. Yalishikana mabonge, kuku aliyenyeshewa kabisa. Dakika ya tisa meno yanagongana. Rafiki akafungua mlango: mzee mwenzangu, humu nauza ng'ombe tu!

Nikanywa chai, nikajaribu la pili. Mwanzoni baridi ile ile. Kisha kifua kikaanza kupata joto, polepole. Nilitaka dakika ishirini kamili, kama za binti. Kifua sawa, mgongo sawa. Ila vidole. Nilikuwa na uzi mfukoni, nikajaribu kufunga fundo. Miaka thelathini na tano ya ushonaji — fundo limenishinda. Hapo ndipo nikamwona binti yangu ndani ya lile wingu. Nikalia, mtu mzima, mbele ya nusu ng'ombe.

Mlango ukafunguliwa. Mke wangu. Rafiki alikuwa kampigia simu. Nikamwambia yote, hata lile la mwalimu.

Akanipitishia mkono ndani ya kola, shingoni. "Hapa pana joto," akasema. Akavishika vidole vyangu. Akaviachia. Akaondoka bila kunisubiri.

Jumanne, 12 Machi
Mke wangu kaniuliza nilijua tangu lini. Tangu siku ile ile. Kaenda kwa dada yake na begi dogo.

Alhamisi, 14 Machi
Mke wangu bado yuko kwa dada yake. Nimemnunulia binti glavu nene. Jaketi la chungwa analo.

Jumamosi, 16 Machi
Naandika mlimani, nimekaa kwenye jiwe. Kalamu inateleza.

Mke wangu kaja! Kashuka kwenye gari pamoja na binti, hatujasalimiana. Binti alikuwa kafungua jaketi, eti hapa chini kuna joto. Mama yake akalifunga hadi kidevuni. Akazikagua glavu, kidole kimoja kimoja. Hakusema nenda, hakusema usiende.

Binti kapaa saa nne na dakika kumi. Hatua nne, tano — miguu ikaachana na ardhi. Sasa ni doa la chungwa, na kuna wingu upande wa kulia. Mwalimu anasema liko mbali. Mimi sipimi umbali, naliangalia tu.

Mke wangu kamwomba mwalimu redio ya kuongea na binti. Bonyeza hapa ukitaka kusema, mama. Kabonyeza. Kaishikilia mdomoni, midomo inacheza, neno halitoki.

Mwalimu kwa upole: ukiwa umebonyeza, mama, hatuwezi kumsikia. Achia, umsikie.

Bado hajaachia.