Kunawa Hadi Ishirini

Jumamosi, 6 Aprili

Tumepanda meli. Chumba ni kidogo kuliko stoo ya mashuka ya wodi yangu ya zamani, lakini kina kibaraza, na bahari yote ni yetu. Dada akakimbilia kibarazani. Mimi nikakimbilia vitasa.

Nimefuta vitasa, swichi, bomba, simu, na rimoti ya televisheni – hiyo huwa chafu kuliko choo, miaka thelathini na minne ya uuguzi imenifunza. Kuna mlango wa kuingilia chumba cha jirani, una komeo kila upande. Nao nimeufuta. Dada kasimama ananitazama tu. Anasema hata mwizi hafuti alama zake hivi.

"Sista Sabuni," kaniita. Ndilo jina walilonipa wodini. Sijui nani alimwambia.

Niandike kwa nini nafanya haya, maana nikisoma mwakani nitajiona kichaa. Dada alimaliza dawa za saratani ya damu miezi mitano iliyopita. Kinga yake bado iko chini. Daktari wake alinivuta pembeni: asafiri, lakini tumbo la kuharisha ambalo kwako ni siku mbili za choo, kwake linaweza kuwa kaburi. Mimi ndiye niliyeambiwa. Yeye hakuambiwa hivyo.

Na yeye, siku ile aliyokuwa hoi kuliko zote, aliniomba kitu kimoja. Nikipona nataka kuingiza miguu baharini. Ana miaka sitini na saba, hajawahi. Watoto wetu wakaungana wakatupa safari hii. Meli itatia nanga penye ufukwe siku moja tu, Jumamosi ijayo.

Basi kazi yangu ni kumfikisha Jumamosi. Nimemfungashia hata buti za mpira. Hajaziona bado.

Jumapili, 7 Aprili

Mlangoni mwa ukumbi wa chakula kuna kijana wa kike anaimba, "Nawa, nawa mikono," huku akipulizia watu jeli. Watu wanacheka, wanapaka, wanapita. Nikamwambia jeli peke yake haitoshi, virusi vya tumbo haviogopi jeli, vinataka sabuni na maji yanayotiririka. Akasema asante Mama, akanipulizia.

Nimemrudisha Dada chooni akanawe. Hesabu hadi ishirini, nikamwambia. Nikamsikia mlangoni: "Moja, mbili, tano, kumi, ishirini, amina." Akatoka na mikono inachuruzika, uso umenyooka kama wa shemasi.

Tangu utotoni ni hivyo hivyo. Mama alikuwa akituhesabisha beseni likiwa uani, mimi nafika ishirini, yeye keshakaa mbele ya chakula.

Mhudumu wa chumba chetu ni baba wa makamo, mpole. Jioni tumekuta ametukunjia taulo kitandani, limekuwa tembo kamili, mkonga na masikio. Dada akapiga makofi. Mimi nikalikunjua, nikalitia kwenye nguo chafu. Limeshikwashikwa mno.

Baadaye nilimwona Dada anatafuta tembo wake kwa macho.

Jumanne, 9 Aprili

Jana sikuandika, bahari ilichafuka nikalala na ndoo. Dada hakutikisika hata kidogo. Alinibembeleza kwa hadithi za majirani.

Leo sikuweza kujizuia, nimemwonyesha buti. Akaziangalia. Akazigeuza. Akauliza kama tunakwenda baharini au kuchota mchanga wa kujengea. Nikamwambia kuna vigae vya chupa, kuna miiba, kidonda kimoja kikiingia uchafu tumekwisha. Akasema, "Mdogo wangu, nimechomwa sindano mia mbili. Nataka kitu kiniguse kisichouma."

Nimezirudisha mvunguni. Hatujamaliza mazungumzo hayo.

Jioni nikampaka mafuta miguuni, ngozi yake imekauka tangu dawa zile. Nikavaa glavu kama kawaida. Akaniambia taratibu, hata hakufungua macho: tangu wodini hujanishika kwa mkono wako. Hata mara moja.

Nikasema ni kwa usalama wako. Akasema najua. Hilo "najua" limeniuma zaidi kuliko kama angenitukana. Mimi ndiye niliyekuwa nabebwa na huyu mgongoni. Ananifuta kamasi kwa kiganja chake, kisha anafuta kiganja kwenye gauni. Hakuwahi kuniuliza nina vijidudu gani.

Jumatano, 10 Aprili

Limeingia. Tangazo asubuhi: baadhi ya abiria wana tumbo la kuharisha na kutapika. Wameondoa chupa za chumvi mezani. Hakuna tena kujipakulia, wahudumu wanapakua wenyewe. Maktaba imefungwa. Korido zote zinanuka dawa ya kuua vijidudu, na kwangu mimi ni harufu ya nyumbani.

Nimemwambia Dada chakula kitaletwa chumbani mpaka Jumamosi. Akakubali bila ubishi. Nikaogopa zaidi.

Mchana kila abiria ilibidi ajaze fomu ya afya pale ukumbini. Umeharisha? Umetapika? Wamefunga kalamu moja kwa kamba mezani, foleni ya watu hamsini, wote wanaishika. Nani huyo aliyeipa akili likizo! Nikatoa kalamu yangu. Nyuma yangu alikuwa Mwalimu – yule mama mstaafu tuliyekaa naye meza moja Jumapili – akaniomba naye aikwepe ile ya kamba. Nikampa. Mkono wake ulikuwa wa baridi, na uso umempauka, lakini aliandika "hapana" kila mahali. Na wa nyuma yake akaomba. Nikawa nagawa kalamu kama mtoa msaada.

Nimerudi nikanawa hadi arobaini. Sasa nipo kibarazani naandika, Dada anakoroma kidogo. Sioni neno la kumalizia. Nimetafuna mkia wa kalamu mpaka umepasuka, tabia ya shuleni hiyo, haijawahi kuniacha.

Bado siku tatu.

Alhamisi, 11 Aprili

Asubuhi tumesikia Mwalimu amefungiwa chumbani, anatapika tangu jana jioni. Maskini. Nikamwambia Dada unaona? Nilikwambia watu wanadanganya kwenye fomu.

Saa kumi jioni tumbo limenisokota.

Nimeandika mstari huo nikauangalia. Mimi. Nimetapika mara mbili, nimefungua bomba Dada asisikie. Nimefuta choo chote kwa dawa, nimenawa, nimekaa sakafuni.

Nikiwaambia wa kliniki watatufungia wote wawili humu saa arobaini na nane. Jumamosi itapita na ufukwe utapita. Nikinyamaza, labda ni chakula tu, labda kesho nimepona, naye atafika baharini. Niliwaza hivyo dakika kumi nzima. Mimi, niliyewahi kumfukuza muuguzi mwenzangu zamu kwa kuficha kikohozi. Mkuki kwa nguruwe.

Halafu nikamsikia nje ya mlango wa choo. "We mtoto, unaumwa." Hakuuliza. Akasema nifungue anishike kichwa, kama zamani.

Nikapiga simu kliniki kwa simu iliyoko pale ukutani kando ya sinki. Nikamwambia Dada ukishika kitasa hiki sitakusamehe. Nililia nikiwa nasema, kwa hiyo sidhani kama alitishika.

Ijumaa, 12 Aprili

Daktari wa meli ni mwanamke mfupi, haongei sana. Alikuja jana usiku, akasikia habari ya damu ya Dada, akaamua papo hapo: Dada ahamie chumba cha jirani, kitupu, kimepulizwa dawa. Mlango wa kati ufungwe. Mimi nibaki humu mpaka Jumapili. Yeye hana dalili, yuko huru, ila kidalili kikitokea aite mara moja.

Mhudumu alimhamishia mizigo yake usiku ule ule, na boksi zangu mbili za glavu zikaenda humo humo.

Mara ya mwisho kutapika ni alfajiri. Sasa nakunywa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko. Mganga hajigangi, lakini anajaribu.

Nimelala nikiwaza nimekosea wapi. Sikugusa kitasa bila karatasi. Sikula kibichi. Nikachukua shajara niandike, nikaweka kalamu mdomoni. Nikaitoa. Nikautazama ule mkia uliotafunwa. Foleni nzima ile! Na Mwalimu na mkono wake wa baridi. Nimefuta meli nzima, nikaja nikalamba kalamu.

Nikamwambia Dada kupitia mlangoni. Akaanza kucheka, kile kicheko chake cha zamani kinachoishia kwenye kikohozi, sijakisikia tangu kabla ya wodi. Alicheka mpaka nikacheka, na tumbo langu halikutaka. Ameniambia atawahadithia watoto wote, na atapeleka hadi wodini.

Baadaye akaniambia kesho haendi. Hatakwenda ufukweni bila mimi, tutakuja mwaka mwingine. Nikamwuliza mwaka gani? Limenitoka. Wote wawili tulilisikia neno hilo.

Nikamwambia aende. Nikamwambia buti aziache.

Kalamu hii ni mpya. Mhudumu kaipitisha chini ya mlango.

Jumamosi, 13 Aprili

Saa nne. Mhudumu ana mapumziko kuanzia saa tano hadi saa nane, amejitolea kwenda naye. Nimempa masharti kumi na mawili kupitia mlangoni. Aliyarudia yote kwa mpangilio. Kama ningekuwa na wodi ningemwajiri.

Saa tano na nusu. Nipo kibarazani. Ufukwe uko karibu kuliko nilivyodhani, ng'ambo ya gati tu. Nimeiona kofia yake nyekundu. Mhudumu hatua mbili nyuma, kabeba viatu. Dada alisimama pale mchanga unapolowa, muda mrefu. Nikajua anaogopa. Nikasema kwa sauti, peke yangu, nenda Dada. Akaenda. Maji yakamfika kwenye vifundo. Hakufanya lolote, alisimama tu na mikono kaiachia. Kisha akageuka huku melini, hajui kibaraza chetu ni kipi kati ya vyote hivyo, akapunga mkono kuanzia mwanzo wa meli hadi mwisho, asinikose.

Nimelia. Sina cha kuongeza.

Saa nane. Amerudi. Ameketi sakafuni upande wake wa mlango, mimi upande wangu. Anasema maji yalikuwa ya moto kuliko alivyofikiri. Anasema mchanga unatoka chini ya miguu wimbi likirudi, unadhani unaanguka, na huanguki. Amenihadithia mara tatu. Kitandani kwake, anasema, kuna tembo wawili wa taulo, na hakuna wa kuwakunjua.

Nimeegemeza mgongo mlangoni. Mlango ukasogea kidogo kuja kwangu. Ni mgongo wake. Tulikaa hivyo hivyo tumeegemeana. Ubao ulikuwa unapata joto.

Saa tisa. Ameacha kuongea katikati ya sentensi.

Nikamwita. Akasema, "Si kitu." Nikamwambia Dada, mimi si mgeni. Akasema tumbo linamnguruma kidogo, labda njaa, labda ile furaha. Akainuka. Nimesikia mlango wa choo.

Mara moja si kuharisha. Mara moja ni mtu kaenda chooni. Nimewafundisha hilo wanafunzi thelathini na kitu.

Saa tisa na robo. Amerudi mlangoni, pumzi zake fupi. Nimepiga simu kliniki, wanakuja. Mkono wangu uko kwenye komeo.

Kama ni lile tumbo, basi mlango hauna maana tena. Lililomo humu limeshaingia kwake, na mahali pangu ni pale, nimshike. Kama si lile, nikifungua nitakuwa mimi ndiye niliyempelekea. Nimenawa mara tatu. Glavu ziko kwake.

Nikamwambia nafungua. Akasema, "Usithubutu." Sauti ile ya Mama kabisa. Akasema komeo la upande wake kalishika, na nikishika langu hatanisamehe. Halafu, chini chini: "Mikono yako naijua, mdogo wangu. Hata ukivaa glavu naijua. Kaa hapo."

Nimekaa.

Saa tisa na nusu. Ameinuka tena. Mara ya pili. Sisikii hatua koridoni bado. Nimeweka sikio ukutani, upande wa choo chake. Maji yamemwagika, mlio wa kawaida, siwezi kujua zaidi.

Sasa bomba limefunguliwa. Ananawa. Anahesabu kwa sauti, pole pole, najua anataka nisikie. Nne. Tano. Sita. Saba. Haruki hata namba moja.