Jenerali Yuko Bafuni

Baba watoto,

Bafuni usiingie. Nimemfungia humo Jenerali, jogoo wako mpendwa, na ufunguo nimekwenda nao kazini. Yule mwekundu uliyemfunga kamba ili achinjwe nimemfungua, nimemrudisha bandani kwa matetea. Haendi sufuriani huyo. Ndiye mbegu.

Huyo mwekundu mbadilishie maji. Maharage yameshachemka, ungeni wenyewe.

Asubuhi nilikwambia Jenerali anakoroma, ukasema ni vumbi. Nikamwekea sikio kifuani: anachemka kama birika! Kamasi puani, upanga wa kichwani umepauka. Akiwaambukiza matetea, banda zima limekwisha. Wewe unaona mkia tu. Mwekundu ni mfupi, sawa, lakini macho maangavu, miguu imenyooka, na akipata punje huwaita matetea kwanza.

Nawe ukanicheka mbele ya shemeji: "Mwanamke anamjua jogoo akiwa kwenye mchuzi." Na nduguyo naye akacheka, chai yangu imemjaa mdomoni.

Sasa sikia. Matetea nimewalea mimi tangu vifaranga, kwa hiyo jogoo wao nachagua mimi. Ukitaka kuoga, kaoge kwa huyo nduguyo. ~~Nikirudi tutazungumza.~~ Nikirudi hakuna mazungumzo.

Eti sijui kuchagua jogoo! ~~Pengine ni kweli, maana hata wewe nilikuchagua mwenyewe.~~

Hilo la mwisho nimelikata. Ila kwa mstari mwembamba, usije ukashindwa kulisoma.

Mama watoto