Wakili kamwombea huruma mtu asiye na kosa

Shoga, uko? Nimetoka mahakamani sasa hivi. Mwanangu katiwa hatiani kwa wizi wa lile duka.

Wakili tuliyepewa na mahakama ananukia utadhani bwana harusi. Mlinzi wa duka akasema mwizi alimwona mgongo tu, na mgongo ni wa mwanangu. Siku hizi hadi migongo ina majina! Wakili akainuka, akafunga kifungo cha koti: "Sina swali, mheshimiwa." Akakaa. Sina swali!

Na bosi wa mwanangu pale anakooka mikate, aliyekuwa naye kazini saa ileile ya wizi, yuko nje kwenye benchi anasubiri kuitwa atoe ushahidi. Wakili alimpita mlangoni akamwambia, "Mzee, sogeza miguu."

Bado. Zamu yake ya kutetea ikafika: "Mteja wangu anajuta sana, anaomba huruma." Anajuta! Hakimu mwenyewe akashangaa: "Anajuta nini, wakili? Si amekana kosa?" Msomi wetu akapekua makaratasi: "Samahani, huyo ni wa kesi nyingine."

Watu wakacheka, shoga. Mwanangu akanigeukia: "Mama, kwani nimekiri?"

Hakimu akasema utetezi hajausikia, akamtia hatiani. Kifungo atakitaja wiki ijayo.

Sasa sikiliza. Kaka yako kapewa wakili huyohuyo. Kamwone huyo wakili kesho, mwulize kitu kimoja tu: kaka yangu amekana au amekiri? Akisita, siku ya kesi simama mbele ya hakimu useme humtaki. Watacheka. Waache wacheke, kaka yako arudi nyumbani.