Mukwe Aliyekwama Juu ya Muchikichi

Mama yangu muzuri,

Jambo sana toka huku Rumonge, ng'ambo ya ziwa. Magoti yako yanasemaje? Mimi niko muzima, nimenenepa, na wasichana wa huku wananitazama mpaka wanajikwaa. Usicheke, ni kweli.

Lakini kazi iko mubaya. Wakubwa wamesema mugeni asiye na kibali arudi kwao. Wakongomani wenzangu, wakata-ngazi wote, wale wa kupanda michikichi na kukata matunda yake, wamevuka ziwa. Nilibaki mimi tu, nimejificha kwa patroni wangu, Mama Yosefina mwenye shamba, nyuma ya mapipa yake ya mawese. Mashine ya kukamua mawese imenyamaza. Ngazi zinaivia juu ya michikichi, zinaanguka na kuoza. Hata mama aliyekuwa anatuuzia ugali amefunga jiko, maana walaji wameondoka.

Juzi mukwe wa patroni, bwana wa binti yake, fundi cherehani, akasema: "Kupanda nayo ni kazi? Nipeni kamba!" Akapanda. Kufika juu akatazama chini, basi, akakumbatia mti kama mutoto anayeachishwa ziwa.

Sasa heshima ya ukwe unaijua. Mama Yosefina hawezi kumuinulia mukwe wake macho, tena mukwe yuko juu na kaptula! Akaupa mti mgongo, akapaza sauti:

"Mukwe wangu, shuka!"

"Samahani, Mama, siwezi!"

"Jaribu, baba!"

"Nitakufa, Mama, samahani!"

Nilicheka mpaka nikauma shati. Halafu nikaona mikono yake inalegea. Barabarani polisi walikuwa wanapita. Mama, nilitoka. Nilipanda kama tumbili, nikamufunga kamba vizuri, nikamushusha polepole. Polisi wakapiga makofi. Kisha wakaniomba kibali.

Hawakunipiga. Patroni aliwasihi sana, wakaniachia mpaka siku ya soko, ndipo nivuke. Sasa kila asubuhi namufundisha mukwe kupanda. Anapanda kama mbuzi mwenye mimba, lakini jana alikata mukungu wake wa kwanza wa ngazi. Mama Yosefina alishangilia, mgongo bado kauelekeza kwenye mti.

Nisalimie bibi na tumbaku yake, na mjomba muvuvi. Dada yangu mwambie aondoe magauni yake katika chumba changu.

Majirani wakikuuliza, usiseme nimefukuzwa. Sema nimemaliza kufundisha.

Mutoto wako anayekupenda kuliko wote uliowazaa,
Amisi