Inchi za Mama

4 Machi

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai hamjambo hapo nyumbani. Mimi mzima, ila chumba kimenipwaya. Mwenzangu amehama, siku hizi naongea na sufuria.

Mwalimu wa hesabu amenikata alama tena kwa kosa lile lile, kusahau C mwishoni mwa jibu. Unapewa jinsi kitu kinavyobadilika, unatafuta kitu chenyewe. Lakini mabadiliko hayasemi kilianzia wapi. Kwa hiyo unaandika C, namba usiyoijua, mpaka mtu akupe kipimo kimoja.

Mama anaendeleaje?

Binti yako

19 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Tupo, na cherehani ipo, ingawa inakohoa kunishinda. Hiyo C sijaielewa, lakini kama wanaidai, wape.

Mwezi jana nilimpunguzia mama gauni inchi mbili. Wiki hii nimelifungua nusu inchi, amekula vizuri. Wewe kaza buti, mtihani umekaribia.

Baba yako

2 Aprili

Baba, shikamoo. Hamjambo?

Nimetandaza barua zako zote kitandani. Umepunguza, umefungua, umepunguza. Hakuna hata moja inayosema mama yukoje. Ukifungua nusu inchi mimi nafurahi, wala sikuwahi kuuliza ulianzia wapi. Kosa la darasani nimelifanya nyumbani.

Naogopa, baba, na huku sina wa kumwambia. Chukua futi, mpime kiuno, niandikie namba moja tu.

Binti yako

11 Mei

Binti yangu,

Marahaba. Nisamehe kuchelewa. Nimepima watu maisha yangu yote, lakini mama yako nimekuwa nikimkadiria kwa macho, kwa woga. Alinikataza kukwambia, usije ukaacha masomo. Nikakubali, maana kukuandikia ile nusu inchi kulinipa moyo hata mimi. Nyumba imekuwa kimya mno.

Leo nimempima. Inchi ishirini na moja.

Magauni yake hayapunguziki tena, mishono imekutana. Asubuhi nimemvisha lako la darasa la sita, likamkaa sawasawa. Akajitazama, akacheka kidogo, akauliza, “Mwenyewe anakuja lini?”

Mtihani upo hata mwakani. Njoo, mwanangu.

Baba yako