Mke Uliyenitumia kwa Basi

Mbeya, Jumamosi

Dada yangu Nsia,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje na baridi ya huko Old Moshi? Na ng'ombe, ameshazaa? Mimi mdogo wako ni mzima, nakula, nalala, bado nashona. Naanza na uzima maana nasikia huko nimeshaugua bila mwenyewe kujua. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize.

Dada, nimekasirika. Alhamisi mchana nikiwa kwenye cherehani, simu iliita: "Nimefika stendi, njoo unipokee." Nikamkuta mama mmoja na kapu la ndizi. Kapu lako, nalijua kwa kile kishikio ulichokishona upya. Akasema anaitwa Eliaika, mjane wa Tarakea, na kwamba umemtuma aje kuwa mke wangu. Nilibeba kapu, nikamwongoza mpaka nyumbani.

Tulipofika aliuliza jiko liko wapi. Nikamwambia akae, mimi ndiye ninayepika hapa. Akasema, "Nipe huo mwiko." Nikakataa. Akaomba tena, sauti ikapanda, nami nikaung'ang'ania kama mtoto. Majirani walituona. Niliona aibu, lakini sikuuachia.

Unajua ni kwa nini. Aneth wangu alipokuwa hajiwezi ndiye aliyenifundisha kupika, yeye kitandani akielekeza, mimi jikoni nikiunguza. Wewe ulipokuja kututazama ukanikuta namenya ndizi, ukajifunika uso kwa khanga, ukasema nauaibisha ukoo. Dada, mke nimeshamzika. Nikiachia na mwiko nitabaki mzee wa kulishwa, na hilo linanitisha kuliko kufa.

Basi nikapika mtori kwa ndizi zako. Alimaliza bakuli zima, kisha akaanza kunisema.

"Mbe, mzee wangu, mimi niliambiwa unaoza. Dada yako alisema hata maji ya kuoga huwezi kujichemshia. Nimeacha ng'ombe wangu kwa jirani kwa ajili ya mtu anayeoza, kumbe anapika kuliko mimi?"

Nikamwuliza alikubalije kuja. Akasema shemeji zake wanamwambia kila siku kwamba mwanamke wa umri wake hawezi kukaa kihambani, kwenye migomba yake, peke yake, atafute mwanamume wa kumsimamia. Hapo hasira yangu ikamtoka yeye, ikaja kwako yote. Mimi naambiwa mwanamume haliwezi jiko, yeye anaambiwa mwanamke haliwezi shamba, na wanaoamua ni ninyi.

Amelala kwa jirani yangu, na kesho anarudi. Kapu lako halirudi tupu: nimetia mchele wa Kyela na chapati nilizosukuma mwenyewe. Usizimwage.

Nisalimie shemeji, mwambie suruali yake iko tayari. Nisalimie mjukuu wako anayekukamulia ng'ombe, na mchungaji wetu.

Macho yako najua hayasomi tena, kwa hiyo barua hii anakusomea Eliaika mwenyewe. Mpe kiti kama hujampa. Jana nilimwuliza yeye anataka nini. Akasema tangu aolewe hajawahi kuulizwa. Jibu alinipa, ila amenikataza kuliandika. Akifika kwenye mstari huu ataiweka karatasi chini, akwambie kwa mdomo wake. Usimkatize.

Mdogo wako, bado hajaoza,
Zakaria