Klasi za Edina Zimepata Ntambo

Jumatatu, 2 Juni
Baridi kali. Nimechuma kahawa madebe mawili kabla ya chai. Edina hata punje moja. Huyu mjukuu wangu kasomea kompyuta chuoni, karudi Litembo, kutwa kaiinamia. Anatengeneza tovuti ya chama chetu cha wakulima, ya kupanga zamu za mashine ya kumenyea kahawa. Zamu yako inakuja kwenye simu. Husimami tena na gunia mpaka kahawa ichache. Jumamosi anaionyesha mkutanoni. Ikigoma, kazi anapewa kijana wa Songea. Nimemwambia asiniaibishe.

Jumatano, 4 Juni
Msiba. Nilisikia ukelele nikiwa shambani, nikadhani nyoka. Kumbe zamu zote zimefutika. Nimemgombeza. Kalia. Nimemgombeza tena. Kisha nikamtaka anieleze vizuri, mimi ni wa darasa la nne, si jiwe.

Tovuti haianzi na kiwanja kitupu. Unachukua fremu waliyokwisha kuijenga wengine, unaongeza vya kwako. Vya kwake anaviita klasi: hii inapanga zamu, ile inatuma ujumbe. Alizitia ndani ya folda ya fremu yenyewe. Leo kasasisha fremu, toleo jipya limeingia, folda nzima imebadilishwa. Klasi zake zimekwenda nayo.

"Bibi, nimelima kwenye ntambo wa watu."

Hapo nikaelewa. Ntambo, kwetu Wamatengo, ni mgongo wa mlima wa ukoo mmoja. Ukipanda kwenye wa wenzako, wenyewe wakija kulima, jembe haliulizi mahindi ya nani. Mmatengo mzima kufanya hivyo! Mjinga nimemwita, na sijutii.

Alhamisi, 5 Juni
Kafungua folda yake mwenyewe, nje ya fremu. Anaandika klasi upya. Ugali kaula umepoa. Shauri yake.

Ijumaa, 6 Juni
Klasi zimo, fremu haizioni. Nilikasirika kuliko yeye. Mchana kacheka peke yake. Alisahau kuiambia fremu folda hiyo iko wapi. Ni kama kufungua shamba bila kuwaonyesha wazee mpaka. Kaandika mstari mmoja, zikaonekana.
Sijamsifu. Bado.

Jumamosi, 7 Juni
Nimeshinda! Haya, kashinda yeye, lakini mjukuu ni wangu.

Kijana wa Songea, miwani ya jua ndani ya ukumbi, akasimama. "Dada, nasikia juzi ilikufa. Ifute fremu, uiweke upya hapa hapa, tuone."

Nani kampelekea habari? Nitamjua tu. Mwenyekiti akakubali. Edina akaifuta yote, mbele za watu. Akaipakua upya. Folda yake, nje ya fremu, haikuguswa.

"Mama Asumpta, tazama simu yako."

Simu ya jirani yangu ikalia, ujumbe wa zamu yake. Ikafuata nyingine. Ukumbi mzima ukawa kama vyura wa masika. Nimepiga vigelegele mpaka sauti imekauka. Kazi ni ya Edina! Kijana akaja, "Shikamoo, bibi." Nikamjibu marahaba, sasa vua miwani uone vizuri.

Jumatatu, 9 Juni
Kahawa yangu imeingia mashineni ingali nyekundu. Sikungoja. Nimerudi mchana, Edina amelala, mdomo wazi. Nimewafukuza kuku dirishani wasimwamshe. Kisha nimekaa hapo nje, nawazuia.